Ukuta uliokauka wakati wa mgao

Kwa muda wa karibu mwaka mzima nilikuwa na ukuta mgonjwa. Ulikuwa ukuta wa korido, ule unaotenganisha choo na chumba cha wanangu katika nyumba yetu ya Tabata, na ugonjwa wake ulianza kama doa la ukubwa wa sahani, usawa wa kiuno. Nikadhani ni mikono ya watoto. Nikalifuta kwa kitambaa chenye sabuni, nikasahau. Baada ya siku mbili lilikuwa sahani mbili.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Jiografia. Safari ya maji kutoka baharini kwenda mawinguni na kurudi ardhini nimeichora ubaoni mara nisizoweza kuhesabu. Maji ya koridoni kwangu ndiyo yaliyonishinda. Nyumba tuliijenga na marehemu mume wangu mwaka 2009. Yeye ndiye aliyekuwa akishinda saiti. Mimi nilikuwa nafika saa saba mchana na sufuria la wali wa mafundi, naangalia kuta zilivyopanda, naondoka. Alipofariki mwaka 2017 aliniachia hati, funguo na madeni mawili madogo. Bomba gani linapita wapi ndani ya ukuta upi, hilo aliondoka nalo.

Agosti 2022 mdogo wangu alikuwa anaagwa, na sherehe ya kumuaga ilipangwa kufanyika kwangu. Nikamwita fundi rangi. Kosa hilo ni langu peke yangu: nilimwita fundi rangi, nikapata rangi. Akakwangua, akapiga puti, akapaka rangi ya mafuta mikono miwili "ili maji yasipite". Shilingi 280,000 pamoja na vifaa. Wageni walikuja, wakasifu, wakala, wakaondoka. Wiki ya tatu ukuta ukatoa malengelenge. Ukiminya lengelenge linatoa maji, na likikauka linaacha unga mweupe kama chumvi.

Ule unga ni chumvi kweli, ingawa wakati huo sikufikiria. Maji yakipita ndani ya tofali na plasta huyeyusha chumvi zilizomo kwenye saruji na mchanga, huibeba hadi usoni pa ukuta, kisha yenyewe hukauka na kuiacha hapo. Ukipaka rangi ya mafuta juu yake, maji hayakosi nguvu, yanakosa mlango tu. Yanasukuma rangi mpaka inainuka. Fundi alikuja mara moja kuangalia, akasema nyumba za Dar zote zinatema chumvi, nisiwe na wasiwasi.

Basi kuanzia mwishoni mwa Oktoba, Novemba ikiingia, ukuta ukakauka wenyewe. Waliokuwa Dar es Salaam mwaka ule wanakumbuka: Mto Ruvu ulikuwa umepungua, DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, wakatangaza mgao, mji mzima ukawa unazungumzia ndoo na madumu. Kwangu tulikuwa tunajaza tangi kwa maji ya boza, na sikuwa na nafasi ya kutazama ukuta. Nilipokuja kuutazama, ulikuwa mkavu kama mkate wa jana. Nikampigia fundi rangi kumshukuru. Siyo kumshukuru tu, nilimtumia elfu ishirini ya soda.

Pengine wewe unayesoma umeshaelewa. Mwalimu wa Jiografia alikuwa bado.

Maji yakarudi kwenye mabomba, na doa likarudi na ndugu zake. Kufikia Januari lilikuwa limetoka usawa wa kiuno limefika karibu na sakafu, na chumba cha watoto kilianza kunuka kama nguo zilizoanuliwa kabla hazijakauka. Nyuma ya kabati kulikuwa na ukungu mweusi. Mtoto wangu wa pili ana pumu. Nikamhamishia chumbani kwangu.

Shemeji, mdogo wa marehemu, aliposikia akaleta fundi wake. Sasa, fundi aliyeletwa na shemeji si fundi tu, ni ujumbe wa ukoo. Hulinganishi bei. Humuulizi amefanya kazi wapi. Fundi yule alisimama uani, akainua uso, akasema, "Mwalimu, hili bati limechoka." Hakuingia darini na tochi. Hakuuliza kama doa linakua mvua inaponyesha. Ilikuwa Januari, jua linapasua vichwa, hatujaona tone la mvua wiki kadhaa, na doa lilikuwa linakua kila siku. Jibu nilikuwa nalo mdomoni nikalimeza, maana kumuuliza fundi wa shemeji ni kumuuliza shemeji. Shilingi 450,000: bati kadhaa, kofia mpya, misumari, na siku mbili za mtu kutembea juu ya paa langu kama yuko barazani kwao. Hizo nyayo zake naomba uzikumbuke.

Wa tatu walikuwa vijana wa kampuni. Ovaroli safi, kitambulisho kifuani, na kimashine chenye sindano mbili: wanachomeka ukutani kinalia na kuwaka taa nyekundu. Nilivutiwa sana na kile kimashine. Ni chombo halali, kinapima unyevu, na kilisema kweli: ukuta una maji. Ila hilo nilikuwa nalijua kwa mwaka mzima bila sindano. Mkubwa wao akatoa hukumu kwamba unyevu unapanda kutoka ardhini, kwa kuwa aliyejenga hakuweka nailoni juu ya msingi. Dawa yake ni kutoboa matundu chini ya ukuta na kusukuma kemikali ndani. Milioni moja na laki nne. Tukabishana, nikatoa kianzio cha 300,000, wakasema wangerudi Jumatatu.

Usiku ule sikulala. Kilichoninyima usingizi hakikuwa pesa. Ni lile neno, "hakuweka nailoni". Mume wangu alikuwa mtu wa kuhesabu misumari. Nikaamka, nikafungua sanduku la nyaraka, nikatoa daftari lake la ujenzi, kaunta buku la jalada gumu ambalo sikuwa nimeligusa tangu msiba. Kurasa za kwanza ni saruji, kokoto, nondo, chakula. Ukurasa wa saba, kwa mwandiko wake ulioinama: nailoni ya msingi, roli 2, na bei. Nikalifunga hapo hapo. Sikuweza kuendelea. Asubuhi nikawapigia wale vijana nikawaambia kazi basi. Kianzio hakikurudi, na simu yao baada ya hapo ikawa haipatikani.

Baadaye nilielezwa kwamba hata bila daftari ukuta wenyewe ungeweza kusema. Unyevu unaopanda kutoka chini huwa mkali karibu na sakafu, hutambaa kwa urefu wa ukuta, na mara nyingi hauvuki mita moja hivi. Wangu ulianzia katikati, ukiwa mviringo, kisha ukashuka. Maji yaliyotoka chini hayaanzii kiunoni.

Aprili, masika yameshika, umeme ukaanza kukatika kwenye swichi kubwa kila tukichomeka kitu kwenye soketi ya korido. Hapo niliogopa. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi ninakonunuaga balbu, na badala ya kuuliza nani fundi mzuri, maana kwa swali hilo kila mtu ana binamu, nikamuuliza muuzaji, "Kati ya mafundi wanaonunua hapa, nani hurudisha vifaa vilivyobaki?" Akacheka. Akafikiri kidogo. Akasema, "Wa hivyo yupo mmoja, fundi bomba. Ila ana maringo."

Nikampigia mwenye maringo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kuja kuangalia ni elfu thelathini. Ukinipa kazi tunaikata humo. Usiponipa, ni yangu."

Nilitaka kukata simu. Mji huu nani analipia macho? Fundi huja, hutazama, hutikisa kichwa, hutaja bei, na hayo yote ni bure. Halafu nikapiga hesabu. Laki mbili na themanini, na elfu ishirini ya soda, na laki nne na nusu, na laki tatu. Waliokuja kuangalia bure walikuwa wameshanigharimu milioni moja na elfu hamsini.

Alikuja saa kumi na mbili asubuhi, saa aliyoichagua yeye, maana mtaani kwetu maji hutoka kwa nguvu usiku. Kitu cha kwanza hakugusa ukuta. Alitazama soketi, akaniomba nizime swichi kubwa, akaziba ile soketi kwa utepe na kusema isiguswe mpaka fundi umeme aje aitenganishe. Mwaka mzima tulikuwa tunachajia simu pale. Halafu akaomba kiti, akakaa koridoni akiuangalia ukuta kama mtu aliyekuja kumpa pole. Nikampa chai.

Maswali yakaanza. Doa lilionekana lini? Linakuwa kubwa asubuhi au jioni? Mvua ikinyesha linaongezeka? Bili ya maji imepanda? Nikajibu kwamba imepanda na nimewagombeza watoto kwa kuacha koki wazi. Akauliza, "Kuna kipindi liliwahi kukauka?"

"Ndiyo, Novemba, baada ya kupaka rangi."

"Novemba ipi? Ya mgao?"

Nikanyamaza. Yeye akaweka kikombe sakafuni.

"Kipindi cha mgao mlikuwa mnatumia maji ya wapi?"

"Ya tangi. Tulikuwa tunajaza kwa boza."

Basi akanieleza, taratibu, kwa namna ambayo ningependa walimu wenzangu waeleze mambo. Nyumba yenye tangi ina mabomba ya aina mbili. Kuna bomba linalotoka kwenye mita kupandisha maji tangini, na hilo huwa na presha pale tu maji ya DAWASA yanapotoka. Na kuna mabomba yanayoshuka kutoka tangini kwenda jikoni na chooni, ambayo yana maji muda wote. Wakati wa mgao sisi tuliendelea kuoga na kupika. Mabomba ya kushuka yalikuwa yamejaa. Kama tundu lingekuwa kwenye hayo, ukuta ungebaki umelowa. Ukuta ulikauka kwa sababu bomba la kupandisha lilikuwa tupu. "Kwa hiyo mabomba yote ya chooni tuyaache," akasema. "Tunatafuta moja."

Tukaenda kwenye mita. Tangi lilikuwa limejaa na boya limefunga. Koki zote zimefungwa, nilizikagua mwenyewe. Kile kigurudumu chekundu kidogo kwenye uso wa mita kilikuwa kinazunguka, polepole, kinasimama, kinaendelea. Nimepita mbele ya mita ile kila asubuhi kwa miaka kumi na minne na sikuwahi kuinama kuitazama.

Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeuliza: "Nani aliweka mabomba ya nyumba hii? Yupo?"

Fundi wa enzi zile sikumjua hata jina. Lakini nilikwenda kuleta daftari. Safari hii tulilisoma pamoja, mezani, yeye akifunua kurasa kwa ncha ya kidole ili asizichafue. Baada ya orodha ya milango, kuna mchoro mdogo wa kalamu ya risasi na maneno haya: *Bomba la tangi linapanda koridoni, futi 3 kutoka fremu ya choo. Usipige msumari.*

Fundi akatabasamu. "Huyu mzee alikuwa mtu wa kazi." Mimi nikasema nakwenda kuongeza chai, nikakaa jikoni kidogo.

Alipima futi tatu, akapasua sehemu isiyozidi ukubwa wa kitabu. Ndani kulikuwa na bomba la chuma la nusu inchi, na pale lilipokuwa limeungwa, nyuzi za chuma zilikuwa zimeliwa na kutu, katani iliyofungwa humo imeoza, na maji yanatoka kwa mkondo mwembamba kama uzi wa kushonea. Hayo tu. Uzi mmoja, mwaka mzima.

Nilitaka abadilishe kipande, azibe, yaishe. Akakataa. Bomba la umri ule likioza hapa, akasema, pengine limeshaanza na kwingine, na wewe utaniita tena. Alipendekeza lile la ndani lizibwe huku na huku liachwe life, na bomba jipya la plastiki la kuchomelea lipande nje, juu ya ukuta wa uani, linaonekana. Shemeji hakupenda, alisema linafanya nyumba ionekane kama kituo cha kuuzia maji. Ni kweli si pambo. Lakini leo likivuja hata mtoto wa darasa la pili atanipigia kelele.

Makubaliano tuliyaandika kwenye karatasi ya daftari la shule: kazi ni ipi, vifaa vipi, nani atanunua, analipwa lini. Dukani tulikwenda wote, risiti ikatoka kwa jina langu, 64,000. Ufundi ni 120,000, ukitoa zile thelathini. Nusu ya malipo alitaka maji yakishapanda, nusu baada ya wiki moja, mita ikiwa imesimama. Wazo la kusubiri wiki lilikuwa lake. Elibo mbili, vile viungo vya kona, zilibaki, akazirudisha dukani na kuniletea chenji. Muuzaji hakunidanganya.

Watu wengi wakisimulia habari hizi huishia hapo, fundi kaziba, mwisho. Kwangu kipindi kigumu kilianza baada ya hapo, kwa sababu alikataa katakata ukuta upigwe plasta. Alibandua plasta yote iliyolowa na nusu mita zaidi kila upande, mpaka tofali zikabaki uchi, akasema nifungue madirisha, niwashe feni, nisubiri. Mpaka lini? Mpaka ukauke. Tofali iliyokunywa maji mwaka mzima haikauki kwa wiki moja, na plasta mpya juu ya tofali mbichi inafunga maji ndani kama ile rangi ya mafuta ya Agosti.

Mama mkwe alikuja kututembelea katikati ya kipindi hicho. Alisimama koridoni, akashika kiuno, akasema, "Nyumba ya mwanangu imebomoka na ninyi mmekaa." Jaribu wewe kumweleza mama mkwe kwamba kukaa ndiyo kazi yenyewe.

Fundi alinipa kipimo cha bei ya karanga. Kila Jumamosi nilibandika kipande cha nailoni kwenye tofali kwa utepe, pande zote nne, na Jumapili jioni nikaangalia. Matone yakiwa upande wa ndani, ukuta bado unatoa maji. Nilipeleka hadithi hii kwa wanafunzi wangu wa kidato cha pili, na kila Jumatatu walikuwa wananisubiri mlangoni: "Mwalimu, yapo?" Yalikuwepo wiki ya kwanza, ya tatu, ya tano. Wiki ya nane nailoni ilikuwa kavu. Nikarudia wiki ya tisa, bado kavu. Darasa lilipiga makofi.

Ndipo akaja fundi uashi kupiga plasta, kisha kusubiri tena kama mwezi, kisha rangi. Rangi ya maji, si ya mafuta. Na aliyepaka ni yule yule fundi rangi wa kwanza. Shemeji alishangaa, lakini kwa kweli yule kijana anapaka vizuri, kona zake zimenyooka, na mwaka 2022 alifanya nilichomwagiza. Hakuwahi kusema yeye ni daktari wa kuta. Elfu ishirini ya soda hatukuizungumzia.

Daftari sikulirudisha sandukuni. Lipo kwenye droo ya jikoni, na ukurasa unaofuata ule mchoro wa mume wangu una mchoro wangu: bomba jipya, koki yake ya kufungia, tarehe, namba za simu za mafundi. Mistari yangu imepinda zaidi ya yake.

Novemba 2023 zikaja mvua za El Niño. Usiku mmoja nikasikia tone sebuleni, halafu jingine, juu ya kochi. Zamani ningekimbilia simu na kilio. Safari hii nilileta beseni, nikaleta daftari, nikakaa na saa. Asubuhi nikampigia fundi wangu wa maringo.

"Linadondoka mvua ikinyesha tu, au hata ikishaacha?" akauliza.

"Ikinyesha tu. Lilianza dakika tano baada ya mvua, likakoma ilipokoma. Nimeingia darini na tochi. Liko kwenye ungio wa bati lililokanyagwa na yule fundi, limebonyea."

Kimya kidogo. "Hiyo ni kazi ya bati, mwalimu. Mimi si fundi bati." Akanitajia mtu mwingine, na namba yake. "Ila ujue, naye ana elfu thelathini yake."

"Mwambie aje," nikasema, "na asikanyage katikati ya bati."